Gari Lililokaa Eda Miaka Sita

UKUMBI WA BI MBEYU

Barua hii ilinifikia mwanzoni mwa mwezi. Jambo lenyewe halikuweza kungoja siku ya gazeti, kwa hivyo jibu nilimpelekea mwenyewe kwa simu siku ile ile. Leo nachapa vyote viwili kwa ruhusa yake, pamoja na ujumbe alioniletea baadaye. Majina nimeyabadilisha.

*

Mpendwa mshauri Bi Mbeyu,

Naomba msaada wako, na kabla hujaanza kunisoma nakuomba usinihukumu mpaka ufike mwisho, maana mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto watatu, sala tano hazinipiti, na chini ya kitanda changu hapa Kuze kuna sanduku lenye vitu ambavyo mume wangu amevitafuta Mombasa nzima kwa miaka mitatu, na kila siku nafagia nikilizunguka.

Vitu vyenyewe si dhahabu wala hati ya nyumba, ni mapambo ya gari, Pijo 404 ya mwaka wa sitini na saba aliyoiacha marehemu baba mkwe wangu, Mzee Zakariya. Ni ile mikanda minane ya kromu inayopita ubavuni, vifuniko vinne vya magurudumu, na yule simba mdogo wa mbele ambaye Mzee alikuwa akimpangusa kwa kitambaa cha mfukoni kila aliposhuka. Nusu ya maarusi wa mtaa huu walipelekwa kwa waume zao ndani ya gari hilo, na mimi ni mmoja wao.

Mzee alifariki miaka sita iliyopita. Mume wangu, Abdulghafur, alikuwa akifanya kazi Omani, akaja akamzika babake, akakaa wiki mbili akarudi kazini, nikabaki mimi na mama mkwe, Bi Mwanaesha, aliyeingia eda. Unajua eda ilivyo kwetu, miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hajipambi, havai cha kumeremeta, na Bi Mwanaesha alivua vyote siku ile ile, bangili, kipini, mpaka pete ambayo ilibidi tumpake sabuni kidoleni ndipo itoke. Sasa dirisha la chumba chake cha juu linaangalia pale kichochoro chetu kinapoishia, ndipo gari zinapokomea, na gari la Mzee lilikuwa pale pale alipoliacha. Kila asubuhi jua likiipiga ile mikanda, mng'aro unaruka unaingia chumbani unacheza juu ya dari, naye akiamka akauona anadhani Mzee ametoka msikitini anawasha gari. Ikawa analifunga lile dirisha, na joto letu hili, anakaa gizani. Siku moja akaniita akaniambia, "Mwanangu, hebu nenda ukalivue lile gari. Mimi n'mevua vyangu vyote, na lile lakaa laning'arizia matoni. Nalo limefiwa."

Bi Mbeyu, sikucheka na sikumuuliza. Nilingoja Ijumaa, wanaume wako msikitini, nikashuka na bisibisi ya cherehani na kisu cha jikoni nilichokizungushia kitambaa nisije nikachubua rangi, nikatoa kimoja kimoja, na kila skrubu niliyoifungua nikaikaza tena kwenye tundu lake isipotee, kwa sababu makubaliano yetu yalikuwa eda ikiisha nivirudishe. Vile vibanio vidogo vinavyoshika mikanda sikuvielewa, nikaviacha pale pale, vingine vikadondoka ndani ya mlango. Vyote nikavifunga kwenye leso zangu nikavitia sandukuni. Bi Mwanaesha akaniomba nisimwambie mtu, watu watamcheka kwamba ameliweka gari eda, nami nikamwahidi, na tangu siku ile akawa analala dirisha wazi.

Mwezi uliofuata mvua zikaanza, Bi Mwanaesha akamwita Kahindi aje alichukue gari akaliweke kwenye gereji yake kule Majengo lisilowe. Kahindi ndiye fundi aliyelitunza gari la Mzee miaka thelathini, mtu wa Kaloleni, na yeye na mume wangu walikuwa wakila sahani moja tangu ujana wao. Akaja, akalizunguka mara moja, hakusema neno, akalivuta akaenda nalo. Eda ikiwa imebaki siku kumi na nane, Bi Mwanaesha naye akafariki usingizini. Msiba juu ya msiba, sanduku nikalisahau, Mungu ananiona.

Miaka mitatu iliyopita mkataba wa mume wangu kule Omani ukaisha akarudi nyumbani moja kwa moja, akawa mtu wa kukaa tu, akiamka anakaa, akila anakaa, mpaka nikaogopa. Nikamwambia, si uende ukalitazame gari la babako. Akaenda. Nikasema moyoni, leo akirudi nitamwonyesha sanduku, afurahi. Alirudi uso umemshuka, akakaa kitandani, sanduku liko chini yake hapo hapo, akasema, "Alolivua gari hili hakulelewa na mama." Bi Mbeyu, aliyelivua ni mamake. Ningemjibu nini? Nikamwambia chai imepoa niipashe.

Baada ya hapo akaanza kutafuta, na kutafuta kukamponya. Alizunguka maduka ya vitu vya kale ya Ndia Kuu yote, akaingia kwa wauza vyuma chakavu, akarudi siku moja na mkanda mrefu kuliko gari lenyewe. Siku nyingine alimkuta mama mmoja wa Majengo amefunika pipa la maji kwa kifuniko cha gurudumu, akambembeleza, akampelekea mfuniko wa sufuria yangu kubwa ya pilau badala yake, akaja mbio nyumbani, kumbe ni kifuniko cha gari jingine kabisa. Alikuwa akicheka, anakula vizuri, ana habari ya kunipa kila jioni. Nikawa najiambia, hata nikinyamaza nimemfanyia wema, na ule wema ukanikaa kooni.

Sasa sikiliza lililoniharibia. Kila mume wangu alipompelekea Kahindi kipande amjaribishie, Kahindi alikuwa akimwambia neno moja, "Bwana Abdulghafur, usinunue vya watu. Vyako viko, vitarudi." Mwaka wa kwanza akalichukua kama faraja. Mwaka wa pili akaanza kukereka. Miezi miwili iliyopita akaja nyumbani akanikazia macho akaniuliza, "Huyu amejuaje kama viko?" Na kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe. Akalitoa gari kwenye gereji likaburutwa mpaka hapa kwetu, akakaa barazani baada ya laasiri akawaambia watu kwamba Kahindi amevikalia vitu vya babake. Watu wa mtaa wetu wakaacha kumpelekea gari zao. Binti yetu Swabaha anaolewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na jina la Kahindi limekatwa kwa wino mwekundu kwenye orodha ya wageni.

Juzi Mercy, mke wa Kahindi, alikuja kwangu na muhogo wa shambani kwao kama afanyavyo kila mwaka. Alikaa, akanywa chai yote, kisha akaniambia bila kupandisha sauti, "Mama Swabaha, mimi nimekuja kuuliza tu. Kama mume wangu ni mwizi, niambie wewe, nijue ninaishi na nani." Bi Mbeyu, nilikuwa nimekaa kwenye kitanda kile kile. Nikamwambia Mungu atafunua. Akaniangalia, akasema ahsante, akaenda zake.

Nimefikiria mengi. Nikisema, nimevunja ahadi ya marehemu, na mume wangu atajua kwamba yule aliyemtukana miaka mitatu ni mamake. Nisiposema, unaona mwenyewe. Nimefikiria pia kuviacha tu pale kwenye gari alfajiri, vifungwe vizuri kwa gunia, ionekane aliyeiba ametubu, mambo yaishe kimya kimya. Nikuambie kweli, hata kuandika haya kumenipunguzia, hii ndiyo mara ya kwanza nayasema. Nifanyeje?

Mimi mwenye sanduku, Kuze.

*

Dada yangu mwenye sanduku,

Pole. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, na sasa nakuhukumu, maana umenipa ruhusa.

Kwanza pumua. Hakuna kitu kilichopotea. Katika barua zote zilizo mezani kwangu leo, yako peke yake ndiyo ambayo mali iko, mwenyewe yuko, fundi yuko, na mtu anayejua kila kitu ana ulimi unaofanya kazi. Wenzako wananiandikia mambo ambayo hayana dawa. Lako lina dawa, na iko chini ya kitanda.

Kwa lile la Ijumaa sina ugomvi nawe. Sheria ya eda haikutaja gari, hilo sheikh yeyote wa Kuze atakwambia, na angekuwepo Bi Mwanaesha ningemtania mwenyewe. Lakini mwanamke aliyeamka kila asubuhi akidhani mumewe amerudi alihitaji mtu wa kumtoa mng'aro ule darini, na wewe ulishuka na bisibisi bila kumcheka. Nimekupenda kwa hilo.

Kwa haya mengine, ninakugombeza. Unaita ukimya wako ahadi ya marehemu. Ulimwahidi Bi Mwanaesha asichekwe. Hukumwahidi kwamba mtu mwingine aitwe mwizi. Yeye sasa maneno ya baraza hayamfikii tena, na Kahindi yanamfikia kila asubuhi akifungua gereji na kukuta hakuna gari. Ungemuuliza Bi Mwanaesha leo achague, achekwe yeye au avunjiwe heshima fundi wa mumewe, unajua angejibu nini. Usimtumie bibi wa watu kama pazia lako.

Na lile wazo la gunia alfajiri, lifute kabisa. Vitu vikionekana vimerudi kimya kimya, Mombasa nzima itasema Kahindi amezidiwa na aibu amevirudisha. Utakuwa umempigilia msumari wa mwisho kwa mkono wako. Nimeshangaa mtu aliyekaza skrubu zote kwa uangalifu namna ile kufikiria jambo la ovyo namna hii, lakini hofu haina akili.

Kuna kitu kingine, nacho umekiandika mwenyewe bila kukiona. Kahindi alikuja kulichukua gari, akalizunguka mara moja, hakusema neno. Halafu miaka mitatu anamwambia mumeo vitu viko, vitarudi. Mwizi hasemi hivyo, dada. Mwizi anasema vimepotea, nunua vingine, tena anakutafutia yeye vya kukuuzia. Huyu fundi ameona kitu ambacho ninyi wawili hamkukiona, na amekinyamazia kwa sababu ambayo nadhani ni ya heshima. Nenda ukamuulize.

Sasa fanya hivi, na usingoje gazeti litoke. Leo, mumeo akirudi laasiri, usimpe chakula kwanza wala usianze na hotuba. Livute sanduku katikati ya chumba, lifungue, zifungue leso, aone kwa macho yake. Kisha mwambie maneno ya mamake kama alivyoyasema, neno kwa neno, hasa lile la mwisho. Usiyapambe na usijitetee. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na miaka mitatu si siku tatu. Ila akianza kumlaumu mamake mkumbushe alikuwa akilala dirisha limefungwa.

Akishatulia, nyote wawili mwende kwa Kahindi kwa miguu yenu. Msimtume mtu na msimpigie simu. Mumeo amwombe radhi, na wewe umwombe yako mwenyewe, usijifiche nyuma ya mgongo wa mume. Halafu mumeo akae kwenye baraza ile ile, saa ile ile ya baada ya laasiri, mbele ya masikio yale yale, aseme alikosea. Kisiri haitoshi, maana hakumwita mwizi kisiri. Kwa Mercy uende peke yako. Ulimwachia Mungu jawabu ambalo lilikuwa chini yako.

Kadi ya arusi mwipeleke kwa mkono. Na mapambo yale yasifungwe na fundi mwingine yeyote. Mwombe Kahindi ayafunge yeye. Akikataa, mkubali na mrudi nyumbani bila manung'uniko, mtamwomba tena siku nyingine. Akikubali, basi gari la Mzee Zakariya limetoka eda, miaka sita baadaye, na ninyi pia.

Ukimaliza niambie. Sitalala vizuri nisipojua.

Wako anayekugombeza kwa mapenzi,
Bi Mbeyu

*

Bi Mbeyu, assalaam aleikum. Huyu ni mwenye sanduku.

Nilifanya kama ulivyosema. Alipoona leso zimefunguka alikaa chini kwenye mkeka akamchukua yule simba akaanza kumpangusa kwa kanzu yake, vile vile kama babake. Nilimwambia yote. Nilipofika kwenye "nalo limefiwa" akaniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka, kisha akalia, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile ya kwanza, nikamkumbusha alichokisema kitandani. Akasema, "Basi mama yuwanisikia miaka yote hiyo n'kimtukana." Alinikasirikia siku mbili, hakuficha, na siku ya tatu akanyoosha kanzu akaniambia twende Majengo.

Kahindi alitusikiliza amesimama, anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Mume wangu alipomaliza, Kahindi aliingia ndani akatoka na kopo la mafuta ya kupikia, akalimimina mezani. Vibanio. Vyote, hata vile vilivyodondoka ndani ya mlango. Alikuwa amevisafisha kutu na kuvipaka mafuta, akavitunza miaka sita, maana bila hivyo mikanda haikai.

Mume wangu akamuuliza, "Ulijua?"

"Nilikuta skrubu zote zimerudishwa mahali pake," Kahindi akasema. "Mwizi hana wakati huo. Na rangi haina hata mkwaruzo. Nikajua ni mkono wa nyumbani."

"Na hukuniambia."

"Mzee ndiyo kwanza amezikwa, Bi Mwanaesha yuko eda. Nyumba ina msiba, fundi ataanza kuuliza mambo ya kromu? Nikasema wenyewe watavitoa wakiwa tayari. Nilikwambia vitarudi. Ulitaka nikwambie nini tena?"

"Hata nilipokuita mwizi?"

"Hapo nilikasirika," Kahindi akasema. "Bado nimekasirika kidogo. Lakini ningesema ni mtu wa kwako, na sijui ni nani, ningekuvunjia nyumba."

Mume wangu alisema yote barazani siku hiyo hiyo baada ya laasiri. Jana gari mbili za mtaa wetu zilikuwa Majengo. Mercy nilimwendea peke yangu. Hakunirahisishia, aliniacha nimalize kabisa, ndipo akanipikia chai, na nilipokuwa nikiondoka akanifungia muhogo mwingine.

Jumatano Kahindi alikuja na vyombo vyake akafunga mikanda pale pale mwisho wa kichochoro, mume wangu akimshikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipofika kwa simba akaniita mbele za watu akanipa bisibisi. "Mama Swabaha, njoo," akasema. "Aliyevua ndiye avike." Nikakaza.

Swabaha amewekwa ndani kama bi arusi tangu Alhamisi, katika kile chumba cha juu cha nyanyake. Leo asubuhi nilimpelekea mkate wa mofa nikamkuta amelala chali anatazama dari, mng'aro unacheza pale juu. Akaniuliza, "Mama, hiki ni nini?" Nikamwambia ni gari la babu yako, limeamka. Nikamuuliza kama nifunge dirisha apate kulala kidogo, akakataa.

Dirisha tumeliacha wazi.